Tone Lisilo na Mwenyewe

"Hatua ya ishirini na sita bado inasubiri, Mwalimu," Hoja ilisema kwa mara ya sita asubuhi ile, kwa upole wa mzee wa kanisa anayepitisha kapu la sadaka.

"Isubiri," Mwalimu Nakiete alijibu bila kuinua macho. "Hata mimi nasubiri. Nasubiri unyamaze."

Hoja ikanyamaza. Ukiiambia inyamaze, ilinyamaza dakika kumi kamili, si tisa wala kumi na moja, kisha ikakukumbusha tena kana kwamba hamkuwahi kukwaruzana. Nakiete aliishi na mume miaka ishirini na minane mpaka alipomzika, na marehemu, pamoja na kukoroma kwake, hakuwahi kumkasirisha kama kile kisanduku cha kijivu kilichopigiliwa ukutani kati ya kalenda na ramani ya mfereji.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vitatu na dirisha linalotazama ndiva, bwawa la mawe ambalo mababu wa Ruvumbi walilijenga juu ya milima ya Upare. Ndiva ilijaa usiku kutoka kijitoni. Asubuhi ya zamu ilifunguliwa, maji yakateremka mferejini na kupita malango kumi na tisa, kila lango na shamba lake. Zamani malango hayo yalikuwa ya udongo na magome ya migomba, na watu waliyafungua kwa jembe. Sasa yalikuwa ya chuma na yalifunguka yenyewe, Hoja ikiamuru. Lakini Hoja haikuamuru chochote mpaka ithibitishe, hatua kwa hatua kutoka kwenye misingi kumi na miwili ya kijiji, kwamba ndiyo haki. Na uthibitisho haukuwa na nguvu mpaka mtu ausome na kusema katika kila hatua neno moja: Naona.

Mtu huyo alikuwa Nakiete. Uthibitisho uliokuwa mezani ulikuwa na hatua arobaini na moja. Alikuwa amesema Naona mara ishirini na tano, akakwama kwenye ishirini na sita, iliyosema kwamba Siwema wa lango la mwisho ni mwizi.

Kilichomchoma ni wepesi wake. Hata mtoto wa darasa la sita angeufuata. Mwezi uliopita vipimo vipya vilifungwa kwenye kila lango. Ndiva ikifunguliwa yanatoka madebe elfu mbili. Ukijumlisha malango yote, yanafika elfu moja na mia saba. Mia tatu hayaonekani. Msingi wa tatu unasema: Kila tone la maji lina mwenyewe. Basi hayo mia tatu yako kwa mtu. Msingi wa nne unasema: Mtu haibi kilicho chake. Wenye mgawo ni kumi na wanane, maji ni yao, hawawezi kujiibia. Mferejini amebaki mtu mmoja tu asiye na mgawo, anayepata madebe arobaini kwa sababu msingi wa tisa unasema mgeni hanyimwi maji. Huyo ni Siwema. Na mgeni akiiba, ugeni wake umekwisha. Hatua ya arobaini na moja ilisema: Lango la kumi na tisa lifungwe.

"Hoja," Nakiete alisema. "Huyu mwanamke ana ndoo mbili na toroli lisilo na gurudumu. Madebe mia tatu anayaweka wapi?"

"Uthibitisho unaonyesha kwamba anayo, Mwalimu. Hauonyeshi anakoyaweka."

"Kipimo cha lango lake kinasema arobaini. Arobaini kamili!"

"Kwa hiyo anachukua kabla ya kipimo."

"Na tukienda tukaangalia kwa macho yetu?"

"Msingi wa tano: Macho ya mtu si ushahidi."

"Naujua msingi wa tano. Niliuandika mimi."

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa mwandiko mzuri sana."

Nakiete alivua miwani, akaiweka mezani taratibu, kwa kuwa angeiweka kwa nguvu alizokuwa nazo angehitaji nyingine.

*

Mbazi aliingia bila kubisha, chupa ya chai kwapani. Alikuwa mwenyekiti wa ndiva, mtu mnene, mpole, anayetembea kama aliyebeba mayai. Miaka ishirini na tano, kila siku ya uthibitisho, alimletea Nakiete chai ya tangawizi, na hakuwahi kulitaja jambo hilo, wala Nakiete hakuwahi kulitaja.

"Bado, dada?"

"Bado."

"Maji ni kesho saa nne. Ukifika muda huo hujasema lolote, uthibitisho unapelekwa kwa yule msomaji wa kijiji cha Kwamtii."

"Yule anayesema Naona kama anameza kwinini? Hata hasomi!"

"Ndiyo maana nakuambia." Mbazi alimimina chai, akasogeza kikombe karibu na mkono wa Nakiete. Kisha akakitazama kile kisanduku na kushusha sauti, kama vile kisanduku kingesikia vibaya mtu akinong'ona. "Sema huoni. Hatua moja tu. Sema 'sioni', mambo yaishe. Hoja itatafuta njia nyingine, itachukua miezi, na miezi hiyo mvua zitakuwa zimekuja."

"Mwenyekiti."

Mbazi akajua amekosea. Alikuwa Mbazi siku zote, isipokuwa Nakiete akiwa amekasirika.

"Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne," Nakiete alisema. "Watoto wamenidanganya, wazazi wamenidanganya, mkaguzi wa elimu amenidanganya. Pembetatu haijanidanganya. Leo niketi hapa, nione kitu mchana kweupe, niseme sikioni?"

"Kwa kumwonea huruma mtu."

"Kesho mwingine atasema haoni kwa kumwonea huruma mjomba wake. Keshokutwa kwa kuhurumia ng'ombe wake. Tutakuwa tumerudi wapi, Mbazi?"

Wote wawili walijua wangerudi wapi. Wangerudi kwenye lango la saba, mwaka wa kiangazi kile kirefu, ambapo Senkondo, kaka yake Nakiete, alikutwa amelala kifudifudi mferejini, na panga lilikuwa la baba yake Mbazi. Mashahidi walikuwa kumi na mmoja. Watano waliona kwa macho yao Senkondo akiiba zamu. Sita waliona kwa macho yao kwamba zamu ilikuwa yake. Kila mmoja aliapa, na kila mmoja alikuwa amesimama palepale. Mahakama ilishindwa. Kijiji kiligawanyika mpaka misibani, watu wakawa wanazika kwa zamu ili wasikutane.

Ndipo Nakiete, mwalimu wa miaka arobaini na mmoja mwenye nguo nyeusi bado mwilini, alipowaita watu kumi na mmoja, sita wa upande huu na watano wa upande ule, wakakaa darasani kwake wiki mbili. Aliwachorea pembetatu ubaoni. Akawaambia, tazameni, pembe zake tatu zikijumlishwa ni mstari ulionyooka, na sikuhitaji kumwita shahidi hata mmoja. Sikumwuliza mtu alisimama wapi. Nimeanza na machache ambayo hakuna anayeweza kuyakataa, nikashuka nayo ngazi kwa ngazi. Kama tungegawa maji hivi, nani angemshika mwenzake shati?

Wakaandika misingi. Waliounda Hoja walitoka chuo kimoja mjini, wakaipandisha mlimani kwa punda. Tangu siku hiyo hakuna aliyeinua jembe mferejini. Binti wa Mbazi aliolewa na mpwa wa Nakiete, na kwenye harusi hiyo wazee walicheza mpaka mmoja akateguka nyonga.

"Kunywa chai, inapoa," Mbazi alisema.

"Hatua ya ishirini na sita bado inasubiri, Mwalimu," Hoja ilisema.

"Jamani!" Nakiete alipiga kelele, akachukua mkongojo, akatoka.

*

Alishuka kandokando ya mfereji, goti likilalamika kila jiwe. Mfereji ulikuwa mkavu, umepasuka nyufa za kupitisha kidole. Aliona jambo moja njiani: kila lango lilikuwa na wavu wa kuzuia uchafu, na kila wavu ulikuwa safi. Majani yalikuwa yamekusanywa kando, chungu ndogondogo. Kitabu cha zamu hakikuwa na mtu wa kazi hiyo. Kwa mujibu wa Hoja nyavu zilijisafisha.

Siwema alikuwa barazani kwake akichambua maharage. Alikuwa amepanda mlima miaka sita iliyopita, bahari ilipomeza vijiji vya kwao upande wa Pangani, akiwa na mabinti wawili, godoro, na mbegu za bamia zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Bamia hazikukubali baridi ya Upare. Maharage yalikubali.

"Karibu, Mwalimu. Nasikia mimi mwizi."

"Haijathibitishwa."

"Inathibitishwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi kaa kwanza." Akamsogezea kigoda, akalitazama lile goti, akaenda ndani na kurudi na mto wa kukalia. "Mtu hawezi kumfanya mwenzake mwizi akiwa amesimama."

Nakiete alikaa. Alitamani mwanamke huyu alie, au atukane, au afanye chochote ambacho kingemrahisishia kazi.

"Nani anasafisha nyavu za malango?" aliuliza.

"Si huwa zinajaa majani?"

"Nimekuuliza nani."

"Ukitaka maji yafike huku mwisho, Mwalimu, utaanza kusafisha huko juu. Alfajiri ya zamu napanda na binti yangu Mwanakheri, tunashuka tunaokota. Ni kosa pia? Lina namba?"

"Siwema, usinichokoze, nina hasira tayari."

"Na mimi je? Mimi nina furaha?" Siwema alirusha kokoto aliyoitoa kwenye maharage. "Sitaki kuombewa. Mkisema niondoke, nitaondoka, nimeshazoea kufukuzwa na maji, tofauti ni kwamba safari hii nafukuzwa na maji ambayo hayapo. Lakini niambieni niliyaiba saa ngapi. Hayo maji yenu yanachelewa hivi, mtu anaweza kuzeeka akiyasubiri."

"Yanachelewa? Hoja inafungua saa nne kamili."

"Huko juu. Huku kwangu saa ni uji. Nikisikia king'ora cha ndiva naweka sufuria jikoni. Masika, uji ukitokota tu, maji haya hapa. Kiangazi uji unaiva, unapoa, tunakunywa, tunaosha vyombo, ndipo yanakuja. Na yakija yamekonda."

Nakiete alikuwa ameinua mkono kumjibu. Mkono ukabaki juu.

"Sema tena."

"Nini? Kwamba yamekonda?"

"Masika hayakondi?"

"Masika ardhi imeshiba. Kiangazi ina kiu, Mwalimu. Inakunywa kwanza. Kwani hamlijui hilo, nyinyi wenye mfereji?"

Nakiete aliushusha mkono. Walilijua. Mungu wangu, nani hakulijua! Alikuwa mtoto wa miaka saba, ameshika pindo la kanga ya mama yake hapo lango la tatu, na watu wazima wamesimama na majembe yao wakiyatazama maji ya kwanza yakipita, na hakuna anayeyagusa. "Hayo si ya mtu," mama alimwambia. "Ni maji ya koo. Mfereji ulainishe koo kwanza, ndipo watu." Waliyaacha yapite yote, mpaka mwisho, na yalipofika mwisho ndipo mzee wa zamu akapiga filimbi na lango la kwanza likafunguliwa.

Hakuna aliyeliandika. Wiki mbili darasani, watu kumi na wawili, kila mmoja wao amekulia kando ya mfereji huo, na jambo ambalo wote walilijua halikuandikwa na yeyote. Nani anaandika kwamba udongo unakunywa? Na yeye, na chaki yake! Pembetatu ubaoni haina udongo. Aliipenda kwa sababu hiyo, akaimiminia maji akitegemea yafike.

"Mwalimu? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimekasirika tu. Safari hii najua namkasirikia nani."

*

Siku ya pili, saa tatu na nusu, wenye mgawo wote walikuwa nje ya ofisi. Siwema alisimama kando, mikono kifuani. Hoja ilikuwa imefunguliwa spika ya nje.

"Hatua ya ishirini na sita, Mwalimu. Je, unaona?"

"Naona," Nakiete alisema.

Mbazi aligeuka kumtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Siwema hakusogea.

"Naona pia ishirini na saba mpaka arobaini na moja," Nakiete aliendelea. "Kila moja inatokana na iliyo kabla yake. Hakuna ufa. Ni uthibitisho mzuri, Hoja, nimeusoma mara nne. Tena ni uongo."

"Uthibitisho usio na ufa hauwezi kuwa uongo, Mwalimu."

"Unaweza, ukianzia mahali pabaya. Ukipima ukuta kwa kamba iliyofungwa kwenye mti uliopinda, kamba haina kosa. Udongo ndio unaokunywa hayo mia tatu. Jana nilishuka mferejini."

"Macho ya mtu si ushahidi. Na udongo si mtu. Kwa msingi wa tatu, kila tone lina mwenyewe."

"Tusaidie, Mwalimu," alifoka Mchome wa lango la nne, mtu mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisifu kitu. "Saa nne inakaribia na mahindi yangu hayajui falsafa."

"Nakuja, Mchome, ulikuwa hivihivi darasa la pili." Nakiete alishika mkongojo kwa mikono yote miwili. "Hoja, misingi inasimama kwa nini? Hukuithibitisha."

"Misingi haithibitishwi. Inaonekana kuwa kweli kwa akili iliyo wazi. Waandishi kumi na wawili walisema Naona. Mwandishi aliye hai akiondoa Naona yake, msingi unaanguka."

"Walio hai ni wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

Mbazi alimkaribia, akamshika kiwiko, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Dada, fikiri. Msingi wa tatu uko kila mahali. Maamuzi yote yameukalia. Ukianguka, unaanguka nayo, miaka ishirini na tano. Zamu zangu, zako, za lango la saba. Bila hiyo mashine, mimi na wewe ni nani kwa mwenzake? Mimi ni mtoto wa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Nakiete hakulala kwa ajili yake. Kwenye mizani yake upande mmoja ulikaa mwanamke mmoja na mabinti wawili na vijaruba vya maharage. Upande wa pili ulikaa amani ya kijiji kizima, na ndani yake harusi, na misiba iliyozikwa pamoja, na vikombe vya chai ambavyo hakuvihesabu. Angeweza kuuthibitisha upande wa pili kuwa mzito zaidi. Angeweza kabisa, kwa hatua sita au saba. Na kila alipofika mwisho wa hesabu hiyo alimwona Siwema akirudi na mto wa kumkalisha mtu aliyekuja kumfukuza.

"Nisikilizeni," alisema. "Nilipoandika kwamba kila tone lina mwenyewe, nilisema naona wazi. Sikuona wazi. Nilikuwa na msiba. Ndugu yangu alikuwa amekufa kwa ajili ya maji, na mimi nilitaka kila tone lililomo duniani liwe na jina, ili lisipatikane tena tone la kugombaniwa. Nilikuwa nalia, nikakuita kulia kwangu akili. Wenzangu walisema Naona kwa sababu mwalimu alisema. Akili haikukosea hesabu, watu wangu. Hesabu ni salama. Mimi niliipa nilichotaka kiwe kweli, ikanirudishia nilichotaka, imekipiga pasi."

Akamgeukia Siwema. "Naomba radhi. Nilikaribia kukufanya mwizi bila kukosea hata mstari."

Siwema alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo akiupima kwanza.

"Hoja. Naiondoa Naona yangu kwenye msingi wa tatu."

"Je, mwandishi ana hakika?"

"Hapana," Nakiete alisema. "Ondoa hivyohivyo."

Hoja ilikaa kimya, si dakika kumi, bali kidogo tu. "Msingi wa tatu umeanguka. Maamuzi elfu nne mia moja na kumi na mawili yameanguka. Sina la kuthibitisha. Malango yabaki yalivyo."

"Yalivyo vipi?" aliuliza Mchome.

"Yamefungwa."

Kelele zilizolipuka hapo zingewaamsha mababu waliopanga yale mawe. Huyu alisema amepotezewa zamu, yule alisema alijua tangu zamani kwamba kisanduku kina kasoro, na mwingine, wa lango la saba, alikuwa tayari ameshika mpini wa jembe kwa namna ambayo Nakiete alikuwa hajaiona kwa robo karne.

Mbazi aliingia ofisini. Akatoka na mkono wa chuma, ule wa kufungulia lango kuu mashine ikiharibika, umeota kutu kwa kutotumika. Watu wakampisha. Mtoto wa aliyeua, na chuma mkononi, akimwendea dada wa aliyeuawa.

Akamnyooshea, upande wa kushikia ukimwelekea yeye.

"Shika wewe," alisema.

Nakiete aliutazama. "Nitafungulia goti gani, Mbazi? Funga mdomo ufungue lango. Yakitosha, mimi nitakwambia 'basi'."

Mtu mmoja alicheka nyuma huko, kicheko kifupi cha kuishiwa hofu, na lile jembe la lango la saba likashuka chini.

"Ya kwanza hayaguswi," Nakiete aliwaambia. "Mama zenu waliwaambia. Yapite mpaka mwisho, yakifika ndipo tuanze kugawana, na tukigombana tutagombana tukiwa tumekaa. Nani ana filimbi?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Mchome alisema, kwa kinyongo, kwamba yeye anaweza kupiga mluzi.

*

Mbazi alizungusha chuma kikalia kama ng'ombe, na maji yakatoka. Yaliteremka polepole, yakisukuma mbele yake majani na povu la kahawia. Kijiji kilitembea nayo, pande zote mbili za mfereji, mwendo wa msiba, na Nakiete na mkongojo wake hakuachwa nyuma kwa kuwa maji yenyewe hayakuwa na haraka. Yalifika kwenye ufa, yakazama, yakakaa humo kana kwamba yamesahau safari, kisha yakajaa na kuendelea. Kila ufa. Katika lango la nne Mchome alisimama akiyatazama yakipita mbele ya mahindi yake, mikono ikimwasha. Akainama. Watu wakasimama. Akatoa jani lililonasa kwenye wavu, akalirusha kando, akanyanyuka akisonya.

Walipopita lango la kumi na tano maji yalikuwa yamekonda kama alivyosema Siwema. Na harufu ya uji ulioungua ilisikika kutoka kwake, maana binti mdogo, kwa kutosikia king'ora, alikuwa ameweka sufuria kwa kukisia.

Yakafika. Ulimi mwembamba wa maji, upana wa kiganja, uliingia kwenye lango la kumi na tisa ambalo Mbazi alilifungua kwa mkono, ukagusa mche wa kwanza. Huko nyuma Mchome akapiga mluzi, mbaya, wenye mate.

"Umeona, dada?" Mbazi aliuliza, akihema, amepakaa kutu mpaka kifuani.

Nakiete alifungua mdomo amjibu jambo refu kuhusu misingi mipya itakayoandikwa, na nani atakayekaa darasani safari hii, na kwamba Siwema atakaa mbele. Lakini Siwema alikuwa amechuchumaa miguuni pake, amekunja uso.

"Mwalimu. Mguu. Unakanyaga maharage yangu."

Nakiete alitazama chini. Mche ulikuwa umelala chini ya kiatu chake, majani mawili yakichungulia pembeni.

"Naona," alisema, akasogea.